Vyura wa Jangwani: Kisa cha Mpangaji Anayemcheka Mpangaji Mwenzake

Asubuhi moja ya masika, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha bila kupumzika, nilikuwa nimeketi kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, pamoja na wazee wanne au watano ambao huwakosi hapo hata ukipita alfajiri. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungwa pale Jangwani kwa sababu maji yalikuwa yamepanda juu ya lami, mabasi ya mwendokasi yalikuwa yamesimamishwa, na kila aliyefika kijiweni alifika na habari zake za maji. Akaja kijana wa miaka kama thelathini, muuza vipuri vya pikipiki, mshabiki wa Simba asiyejificha, akamwinamia kidogo mzee mmoja aliyevaa kofia ya kijani na njano ya Yanga, klabu ya soka iliyo hasimu wa Simba, na kwa heshima zote akasema: "Shikamoo, mzee wangu. Poleni na mafuriko. Vyura wote wameamka salama huko klabuni?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Mzee hakubabaika. Alilimaliza kwanza funda lake la kahawa, akaweka kikombe chini, kisha akajibu: "Marahaba, mwanangu. Wameamka salama. Ila waambie wenzako waje wachukue maji yao, maana mto huo unaitwa Msimbazi, hauitwi Twiga." Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na kijana mwenyewe alicheka hadi akajishika magoti.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, suruali ameikunja hadi magotini, viatu amevilaza ubavu ili vichuruzike maji, na ndani ya koti lake lililolowa ilionekana jezi nyekundu. Anaishi bondeni, chini ya barabara, na usiku ule alikuwa amehamisha watoto, godoro na jiko la gesi kwa jirani aliyejenga juu kidogo. Naye ni Simba damu. Kijiwe kizima kinamjua hivyo. Kijana alipomwona alinyamaza, akamwambia, "Pole sana, kaka, sikukuona," akamwagizia kahawa na kashata mbili, na baada ya muda mfupi mazungumzo yakahamia kwenye mechi ya mwisho wa wiki.

Kisa chenyewe ni hicho, na hakikuzidi dakika kumi. Nimekiandika kwa sababu mzaha ule, ambao mashabiki wa Simba wamekuwa wakiutupa kwa Yanga kwa miaka mingi, uliwalenga watu wa upande mmoja ukampata mtu wa upande wa pili, na kwa sababu jibu la mzee yule lilikuwa na ukweli mwingi kuliko alivyokusudia mwenyewe.

Kwanza tueleze neno lenyewe, "vyura", kwa ajili ya msomaji aliye mbali na Dar es Salaam. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake makuu kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na pembeni mwa jengo hilo upo Uwanja wa Kaunda, uliopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ambako kwa miaka mingi timu ilifanyia mazoezi. Eneo hilo limekaa ukingoni mwa bonde la Mto Msimbazi. Mvua za masika zinapokolea, uwanja hugeuka bwawa, na penye bwawa chura hakosi. Ndipo watani wakapata jina ambalo halikuhitaji ubunifu mkubwa. Kifusi kiliwahi kumwagwa uwanjani hapo ili kuinua usawa wake, na kifusi nacho kikazaa mizaha yake. Jina la mahali linaongeza utamu wa kejeli, kwa kuwa panapoitwa Jangwani ndipo penye maji kuliko kwingine kote katikati ya jiji.

Sasa lirudie jibu la mzee. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, ina makao yake Mtaa wa Msimbazi, na mashabiki wake hujiita Wekundu wa Msimbazi. Mtaa huo una jina moja na mto uleule unaoizamisha Jangwani, mto unaoanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, ukapita katikati ya jiji na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Umbali kati ya klabu hizi mbili ni wa kutembea kwa miguu bila kutoka jasho, na anayesimama Msimbazi kumcheka wa Jangwani kwa sababu ya mafuriko anamcheka jirani wa ukuta mmoja kwa maji yaliyotoka kwenye bomba lenye jina lake. Kijana alilijua hilo, na ndiyo maana alicheka sana. Mashabiki wa klabu hizi wanazijua hoja za mtani wao kama wanavyozijua zao.

Hapa lazima tuseme neno juu ya utani, kwa sababu anayeusoma mzaha huu kama matusi atapotea njia. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo limechukuliwa kutoka kwenye desturi ya makabila, kama ule utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulioshamiri tangu enzi za misafara ya wapagazi kuja pwani. Mtani ana ruhusa ya kusema ambayo ndugu hana. Msibani anaweza kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya wafiwa, au akajilaza kaburini na kuzuia maziko mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayekesha, anayechota maji na kuchimba kaburi. Ruhusa ya kucheka hailipiwi kwa fedha; inalipiwa kwa kuwapo. Ukitazama kisa chetu kwa jicho hilo, utaona kwamba kijana alianza na shikamoo, akamkejeli mzee, akajibiwa, kisha akamnunulia kahawa aliyefikwa na maji, na kwamba mambo hayo manne yote yamo ndani ya desturi moja.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya "vyura" na majina mengine wanayopeana. Yanga huitwa pia Kandambili na Utopolo. Simba huitwa Mikia, Makolo na Mbumbumbu, na hili la mwisho lilitoka kinywani mwa kiongozi wao wenyewe alipowakasirikia wanachama. Majina haya yanaikalia klabu au shabiki wake, na mtu anaweza kuyavua kwa kuvua jezi. Chura amekaa juu ya mahali, na kila aliye mahali hapo amemo ndani ya mzaha, awe ni Yanga, awe ni Simba, au awe hajui hata mpira una vipande vingapi. Hilo ndilo lililomkuta bwana wa jezi nyekundu, ambaye timu yake haina kosa lolote kwake isipokuwa imempa mashabiki wenzake wanaoimba kuhusu kibanda chake.

Kwa nini basi mzaha kuhusu uwanja uishie kwenye anwani ya makao makuu, badala ya kuwa kuhusu uwanja ambao timu inachezea? Kwa sababu uwanja huo ni mmoja. Katika miji mingi yenye watani, kila klabu ina jukwaa lake, paa lake na idadi yake ya viti, na mpinzani anapata cha kudharau. Hapa, tangu enzi za uwanja wa zamani ambao sasa unaitwa Uhuru, timu zote mbili kwa sehemu kubwa zimekuwa zikicheza kwenye mali ya serikali. Ule mpya, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000 na kupewa jina la Benjamin Mkapa baada ya kifo chake mwaka 2020, ni wa serikali vilevile. Shabiki wa Simba hawezi kuvicheka viti ambavyo wiki ijayo atavikalia yeye, wala wa Yanga hawezi kuudharau mlango alioingilia Jumapili iliyopita. Kejeli inakosa pa kushika, inashuka mpaka Kariakoo kutafuta jengo, na huko inakuta klabu kubwa kuliko zote nchini zina majengo na historia, lakini hazina uwanja wa kuchezea ligi.

Yanga waliwahi kujaribu. Mapema miaka ya 2010, chini ya uongozi wa Yusuf Manji, klabu iliingia makubaliano na kampuni ya Beijing Construction, ileile iliyoujenga uwanja wa taifa mpya, ili ichore uwanja mkubwa wa kisasa palepale Jangwani. Mchoro ulipendeza na ulisambaa. Ila ili uwanja ule uenee, ilihitajika ardhi zaidi ya ile waliyokuwa nayo, na ardhi iliyokuwa karibu ni ya bonde. Haukujengwa, na picha yake ikabaki kuwa akiba ya watani kila wakikosa cha kusema.

Simba nao hawana pa kujivunia sana, ingawa wanavyozungumza utadhani wanapo. Eneo lao la Bunju, kaskazini mwa jiji, lilisubiri kwa miaka, na nyasi bandia zilizoagizwa kwa ajili yake zilikwama bandarini muda mrefu kwa masuala ya ushuru, kiasi kwamba "nyasi zimefika wapi?" likawa swali la kawaida la mtu wa Yanga kumuuliza mtu wa Simba badala ya salamu. Viwanja viwili vya mazoezi vilizinduliwa hatimaye mwishoni mwa 2019 na kupewa jina la Mo Simba Arena. Ni hatua ya kweli na inastahili sifa. Bado ni mahali pa mazoezi, na jina kubwa halijaongeza jukwaa. Mtani anapouliza mechi ya ligi itachezwa lini Bunju, jibu linakuwa refu kuliko swali.

Anayepaswa kuwacheka wote wawili ni Azam FC. Klabu hiyo iliyoanzishwa mwaka 2004 ina uwanja wake Chamazi, wenye nafasi ya watu kama 10,000, taa na nyasi za kutunzwa. Ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo, na imewahi kuwapokea Yanga kama wapangaji waliofanya Chamazi kuwa uwanja wao wa nyumbani. Kwa hesabu ya kawaida, mwenye nyumba angekuwa na sauti. Lakini Azam wakifungua kinywa wanaulizwa mashabiki wao wako wapi, na mjadala unaishia hapo, kwa kuwa siku Simba au Yanga wanapokwenda Chamazi mwenyeji ndiye anayeonekana mgeni. Kwa mizani ya vijiweni mwetu, uwanja bila watu ni nyumba ya kupangisha tu, ilhali watu bila uwanja ni klabu.

Ndiyo maana mzaha unaohusu mashabiki una uzito kuliko ule unaohusu uwanja. Kwa kuwa hakuna mwenye uwanja, kilichobaki kushindaniwa ni nani anaujaza. Simba walianzisha Simba Day mwaka 2009, ikafungamana na tarehe 8 Agosti. Yanga wakaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019, na kilele chake ni siku ya tamasha palepale kwa Mkapa. Tangu hapo, kila msimu wa matamasha hayo unapokaribia, jiji zima linageuka la wahesabu vichwa. Picha ya jukwaa tupu iliyopigwa saa nne asubuhi, geti ndiyo kwanza limefunguliwa na aliyeingia ni mfagizi na askari wawili, inasambazwa kama ushahidi kwamba mtani amekosa watu. Ile iliyopigwa saa kumi jioni, nyomi hadi kwenye ngazi za mzunguko, yaani majukwaa ya kiingilio cha chini, inasambazwa na upande wa pili kana kwamba ndiyo pekee iliyowahi kupigwa. Nimewahi kukaa mzunguko siku ya tamasha nikamwona jirani yangu akipiga picha za pengo la viti vya rangi ya machungwa upande wa pili, akiwa amelipa kiingilio chake mwenyewe, ili awe na akiba siku watu wa upande ule watakaposema kwamba wamejaza. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa skafu ya waandaaji, kwa sababu aliingia na shemeji yake.

Ubishi wa nani mwenye nyumba umezaa pia misemo. "Kwa Mkapa hatoki mtu" ulikuwa wito wa Simba katika mechi za Afrika, na haukuwa maneno matupu: Al Ahly ya Misri ilifungwa bao 1-0 hapo mwaka 2019, ikafungwa tena 1-0 mwaka 2021. Kwa msemo huo, mali ya serikali ikawa ngome ya mpangaji mmoja, huku mpangaji wa pili akiwa na funguo zilezile. Halafu Mei 2025, Simba wakiwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kufungwa 2-0 ugenini na Berkane ya Morocco, mchezo wa marudiano ukahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa Mkapa haukuruhusiwa kutumika. Ukaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Watani hawakuiacha ipite. Mwenye ngome, walisema, ameenda kuazima sebule ng'ambo ya bahari.

Miezi miwili kabla yake, jambo hilohilo lilitoka kwenye mzaha likawa mgogoro. Mechi ya watani ya tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa ya Yanga kuwa mwenyeji. Jioni ya kuamkia siku hiyo Simba walikwenda Mkapa kufanya mazoezi yao, wakasema wamezuiwa getini na watu wa upande wa mwenyeji. Wakatangaza kwamba hawatacheza, Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, na Yanga wakapeleka timu uwanjani vilevile. Ulichezwa tarehe 25 Juni na Yanga wakashinda 2-0. Mimi naliona tukio lile la getini kama mzaha wa uwanja uliokosa mcheshi: mtu anayejua moyoni kwamba nyumba si yake ndiye anayesimama mlangoni kwa ukali kuliko wote.

Turudi kwa bwana wa jezi nyekundu, maana yeye ndiye anayekipa kisa hiki ugumu wake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam, na wengi wa walioathirika walikuwa wakazi wa Bonde la Msimbazi. Serikali iliwagawia baadhi yao viwanja Mabwepande, nje kidogo ya jiji, na Mabwepande inapakana na Bunju. Hivyo wapo watu waliotolewa kwenye maji ya Jangwani, wakapelekwa kuishi jirani na mahali ambapo Simba wamejenga viwanja vyao vya mazoezi. Kejeli ya uwanja wa mtani na kejeli ya kujibu, zote mbili zinapita juu ya paa la mtu mmoja aliyehamishwa kutoka Jangwani kwenda jirani na Bunju.

Na maji yenyewe hayaletwi na klabu yoyote. Mto unabeba mchanga na taka kutoka mitaa ya juu, kina chake kinapungua, daraja linaziba, na jiji lililofunikwa kwa bati na zege linaipeleka mvua yote bondeni kwa muda mfupi kuliko zamani. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imekuwa ikizama. Katika hali hiyo, kumwita mtani chura siku ya kiangazi ni utani mwema, na mimi mwenyewe nimecheka mara nyingi. Kusema hivyo asubuhi ambayo hujui bado nani amelala wapi ni kumwachia bahati mzigo wa adabu yako, na kijana wa vipuri aliponea kwa sababu tu alikuwa na fedha ya kahawa mfukoni na alimwona mwenzake mapema. Mzee naye, ukipima vizuri, alitoa jibu la kishujaa kwa niaba ya klabu ambayo haijacheza mechi ya ligi kwenye tope lile. Vyura wake walikuwa wamelala pakavu.

Kijiwe hakikufika mbali hivyo. Kilichofuata ni kwamba mzee mwingine aliutaja mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye daraja jipya la Jangwani na upanuzi wa njia ya maji, akamuuliza kijana watawaita nini Yanga siku maji yatakapokauka.

"Hao ni vyura tu, mzee," akajibu. "Hata wakihamia Dodoma."

"Na nyie siku hiyo mtakuwa mnacheza wapi?" akauliza mwenye kofia ya kijani.

"Kwa Mkapa."

"Kwa Mkapa kwa nani?"

Kijana alitafuta jibu, na kabla hajalipata bwana wa jezi nyekundu alikuwa ameshavaa viatu vyake vilivyolowa. Alisema anarudi bondeni kuangalia kama maji yamepungua. Kijana akamwuliza kama kuna kitu kizito cha kubeba, akaambiwa lipo kabati. Muuza kahawa, ambaye ni mtu wa Tanga na Coastal Union ndiyo timu yake, aliwadai vikombe vyake kabla hawajaondoka navyo.